Serikali ikome wapi? Somo la asilimia tano kutoka Nizwa, Ibra na Sur

Kuanzia Januari 2028, mkaazi wa Oman ambaye kipato chake kwa mwaka kinapita riali 42,000 atalipa kodi ya asilimia tano kwa kile kinachozidi hapo. Amri ya Kifalme namba 56 ya mwaka 2025 ndiyo iliyoleta kodi hiyo, na Oman inakuwa nchi ya kwanza ya Ghuba kutoza kodi ya mapato ya mtu binafsi. Ukigawa kwa miezi kumi na mbili, dari hiyo ni riali 3,500 kwa mwezi. Tuseme kweli, wengi wetu tunaosoma hapa hatufiki huko hata tukijinyoosha vipi.

Lakini hilo halijazuia maneno. Tangu amri itoke, sijakaa baraza moja la ukoo, iwe Ibra au Maskati, bila ya habari hii kuzuka baada ya kahawa. Wazee wanauliza kama zakka haitoshi. Akina mama wanakumbusha kwamba tangu tarehe 16 Aprili 2021 tunalipa kodi ya ongezeko la thamani, nayo ni asilimia tano. Na vijana wamekuja na neno jipya. Mtoto wa dada yangu, anayesoma uchumi, aliniambia bila kupepesa macho: "Mjomba, mimi ni mlibertari. Leo wanataka asilimia tano ya matajiri. Kesho dari itashuka mpaka ikufikie wewe."

Nilicheka kwanza. Kisha nikaona kwamba swali lake ni la haki kabisa, na kwamba hakuhitaji kulitafuta katika video za Wamarekani. Sisi wenye nasaba ya Sharqiya na Dakhiliya, tena tuliolelewa na hadithi za Unguja na Pemba, tumelijaribu swali hilo kwa ngozi zetu: serikali ikome wapi?

Neno geni, fikra ya zamani

Ulibertari ni falsafa inayoanza na jambo moja jepesi: mtu anaimiliki nafsi yake, na alichokichuma kwa halali ni chake. Kwa hivyo kila anayetaka kumlazimisha, akiwa jambazi au afisa mwenye muhuri, lazima atoe hoja. Kutoka hapo zinazaliwa nguzo tatu. Kwanza, usiende kupigana vita vya watu. Pili, mamlaka ya serikali yawe na mpaka unaojulikana. Tatu, watu wawili wakikubaliana kuuziana au kuajiriana, mtu wa tatu asiingie kati ila pale anapodhurika mtu.

Majina makubwa ya fikra hizi ni kama Friedrich Hayek, mzaliwa wa Austria aliyepewa Nobel ya uchumi mwaka 1974, na Milton Friedman wa Marekani aliyeipata mwaka 1976. Katika siasa yupo Ron Paul, aliyekuwa mbunge wa Texas, aliyepiga kura ya kukataa vita vya Iraq mwaka 2002 wakati wengi wa chama chake waliviunga mkono. Wengi wao hawasemi serikali ifutwe. Wanataka mahakama, polisi na ulinzi wa mipaka vibaki, na mengine waachiwe watu wenyewe.

Sasa hebu tuwaache Wamarekani na Texas yao, turudi nyumbani.

Sib, 1920: kodi yenye dari

Mwaka 1913 makabila ya ndani ya Oman yalimchagua Imamu Salim bin Rashid al-Kharusi na kujitenga na utawala wa Sultani wa Maskati. Januari 1915 walishuka mpaka Bait al-Falaj, karibu kabisa na Maskati, wakarudishwa nyuma na askari wa Kihindi waliokuwa chini ya Waingereza. Baada ya hapo hakuna aliyeshinda. Watu wa ndani hawakuweza kuuchukua mji wa pwani, na Sultani hakuweza kupanda Nizwa. Likabaki jambo la kubanana kiuchumi: bidhaa za ndani, tende na matunda, zikawekewa pwani ushuru mkali wa adhabu.

Imamu Salim aliuawa mwaka 1920, akachaguliwa Imamu Muhammad bin Abdullah al-Khalili. Tarehe 25 Septemba mwaka huo huo pande mbili zikakutana Sib, pale ambapo leo tunapaita karibu na uwanja wa ndege. Upande wa ndani ulibebwa na mtu wa Sharqiya, Sheikh Isa bin Salih al-Harthi. Kwa upande wa Maskati mazungumzo yaliendeshwa na Mwingereza, Ronald Wingate.

Masharti yalikuwa manne kwa kila upande. Maskati ilikubali kwamba bidhaa kutoka ndani hazitatozwa zaidi ya asilimia tano. Watu wa ndani watakuwa na amani na uhuru katika miji yote ya pwani. Kuingia na kutoka Maskati hakutawekewa vikwazo. Na serikali ya Sultani haitawapa hifadhi wahalifu wanaokimbia, wala kuingilia mambo ya ndani. Watu wa ndani nao wakaahidi kukaa kwa amani na Sultani na kutoishambulia miji ya pwani. Kila anayekwenda ndani kwa shughuli halali atakuwa salama na biashara yake haitazuiwa, wahalifu hawatafichwa, na madai ya wafanyabiashara yatasikilizwa kwa sheria ya Kiislamu.

Soma tena masharti hayo polepole. Kodi yenye dari, uhuru wa kutembea, biashara bila vizuizi, mahakama inayosikiliza madai, na kila mmoja asimuingilie mwenzake. Mlibertari wa leo angeyaandika karibu vile vile. Na hakuna hata mmoja pale Sib aliyekuwa amesoma vitabu vya Hayek, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka 21.

Lakini lipo la kujifunza ambalo vijana wetu wanalipita. Dari ile ya asilimia tano haikuwekwa kwa hisani ya mtu. Iliwekwa kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na nguvu ya kusema hapana. Mkataba ulikaa zaidi ya miaka thelathini kwa sababu hiyo hiyo. Karatasi peke yake haizuii mamlaka. Inayazuia pale ambapo kuna watu wa pili wanaoisoma na kuidai.

Sur: uhuru wa nani?

Wasuri walikuwa na njia yao nyingine ya kuikwepa mamlaka, nayo ilikuwa kitambaa cha rangi tatu.

Katika karne ya 19 majahazi ya Sur yalikuwa yakienda Basra, Malabar, Zanzibar, Madagaska na Ngazija, yakifuata pepo za kaskazi na kusi. Waingereza walikuwa na mikataba na masultani wetu iliyowapa ruhusa ya kuyasimamisha na kuyapekua majahazi wakitafuta watumwa. Wafaransa hawakukubali bendera yao ipekuliwe na Mwingereza. Basi manahodha wa Sur, wengine wakiwa na nyumba au jamaa katika makoloni ya Kifaransa, wakaomba karatasi na bendera ya Ufaransa. Tunasema bendera hufuata upepo. Kwa Wasuri ilikuwa upepo nao unaifuata bendera, maana aliyeipandisha alipita na manuwari ya Kiingereza ikabaki kutazama.

Sultani Faisal bin Turki alijikuta hana neno juu ya raia wake mwenyewe. Uingereza na Ufaransa, ambazo mwaka 1862 zilikuwa zimeahidiana kuheshimu uhuru wa Maskati na wa Zanzibar, ziligombana mpaka kesi ikafika Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi mjini The Hague. Tarehe 8 Agosti 1905 waamuzi watatu, rais wao akiwa Heinrich Lammasch wa Austria, wakatoa hukumu. Kabla ya tarehe 2 Januari 1892, siku Ufaransa iliporidhia mkataba wa Brussels wa kupinga biashara ya watumwa, ilikuwa na haki ya kuwapa bendera raia wa Sultani. Baada ya siku hiyo, ni wale tu walioweza kuthibitisha kwamba walikuwa chini ya hifadhi ya Ufaransa kabla ya mwaka 1863. Njia ile ikafungwa kwa waliobaki.

Ukiisimulia hadithi hii juu juu, ni hadithi tamu ya uhuru: mfanyabiashara mdogo anawachezesha madola mawili makubwa ili apite na mzigo wake. Na majahazi mengi kweli yalibeba tende, mbao, chumvi na papa mkavu. Lakini baadhi yao yalibeba watu. Hapo ndipo neno uhuru linapotaka kuulizwa: uhuru wa nani? Nahodha alikuwa huru, na aliyefungwa chini ya sitaha hakuwa. Falsafa inayosema kila mtu anaimiliki nafsi yake haiwezi kumtetea nahodha huyo hata kidogo. Na sheria zilizopiga marufuku biashara ile, hata zilipoletwa na mgeni mwenye makusudio yake mwenyewe, zilikuwa sheria za haki.

Naliandika hili kwa sababu kati yetu wenyewe, katika lugha hii tunayosomea, wamo wajukuu wa manahodha na wamo wajukuu wa waliobebwa. Mara nyingi ni mtu mmoja huyo huyo. Anayesema "serikali isiingilie biashara" na akaishia hapo, hajamaliza sentensi.

Tanuf na gharama ya vita

Jina la Tanuf leo watu wanalijua kwa chupa ya maji. Ukitoka Nizwa kidogo kuelekea magharibi utayakuta magofu yake: kuta za udongo, matao yaliyosimama peke yake, na mfereji wa falaji unaopita kando kama kwamba hakuna kilichotokea.

Imamu al-Khalili alifariki mwaka 1954 na Imamu Ghalib bin Ali al-Hinai akachaguliwa. Mwaka huo huo kampuni ya mafuta ilitaka kufika Fahud, na kikosi cha askari kilichogharimiwa kwa fedha za kampuni ndicho kilichoifungulia njia. Desemba 1955 Nizwa ikachukuliwa, na mkataba wa Sib ukawa umekwisha. Mwaka 1957 vita vikarudi, vikiongozwa na Talib, ndugu wa Imamu. Ndege za Kiingereza zikapiga ngome ya Nizwa na vijiji vya chini ya Jabali Akhdar, Tanuf kikiwemo. Januari 1959 makomando wa Kiingereza wa SAS wakapanda jabali usiku na vita vikaisha.

Sina nia ya kufukua nani alikuwa na haki. Wajukuu wa pande zote mbili leo wanasoma skuli moja na wanaoleana, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Ninachotaka tukione ni jinsi vita vilivyoendeshwa. Mafuta yalitakiwa na kampuni, askari wakalipwa na kampuni, ndege zikaletwa na dola ya mbali, na bomu likaanguka juu ya mfereji wa mkulima wa mitende ambaye hakuulizwa chochote. Wanafalsafa wa uhuru wana onyo la miaka mingi juu ya kampuni na serikali kushikana mikono, maana hapo soko halina uhuru tena na anayelipa ni yule asiyekuwepo mezani. Tanuf ni mfano wa onyo hilo, tena uko dakika chache kutoka soko la Nizwa.

Kisima cha kwanza cha Fahud, kwa taarifa yako, hakikutoa mafuta. Mafuta ya kutosha biashara yalipatikana Yibal mwaka 1962, na shehena ya kwanza ikasafirishwa Julai 1967.

Baada ya hapo Oman imejifunza jambo. Vita vya Iran na Iraq vilipowaka miaka ya 1980, Maskati haikukata uhusiano na upande wowote. Mwaka 2015 nchi nyingine zote za Baraza la Ushirikiano la Ghuba zilipojiunga na mashambulizi ya Yemen, Oman peke yake ilikaa nje, na ndiyo iliyobaki na mlango ambao pande zinazopigana zinaweza kuubisha. Mei 2025 ni Oman iliyotangaza makubaliano ya kusimamisha mapigano kati ya Marekani na Wahouthi. Mtu wa Ron Paul angeipigia makofi siasa hii.

Lakini asiharakishe. Nchi hii hii ni miongoni mwa zile zinazotumia sehemu kubwa ya pato lake kwa ulinzi. Tangu mwaka 1980 ina makubaliano yanayoiruhusu Marekani kutumia vituo vyake, na Waingereza wako Duqm. Na vita vya Dhofar, vilivyokwisha mwaka 1975, vilishindwa kwa msaada wa maafisa wa Kiingereza na askari wa Shah wa Iran. Kukaa nje ya vita vya watu kunahitaji pia mlango wenye komeo. Ubishi uliobaki ni juu ya bei ya komeo, na juu ya nani anashika ufunguo wa pili.

Serikali ndogo yenye marufuku makubwa

Hapa ndipo nilipobishana sana na mtoto wa dada yangu. Yeye anapima uhuru kwa ukubwa wa bajeti: serikali ikitumia kidogo, watu wako huru. Nikamwambia akamuulize bibi yake juu ya Oman ya kabla ya 1970.

Serikali ya Sultani Said bin Taimur ilikuwa ndogo kweli. Nchi nzima ilikuwa na skuli tatu za serikali na kama kilomita kumi za barabara ya lami. Haikuwa na deni kubwa. Kodi ya mapato? Haikuwepo. Kwa kipimo cha bajeti, ile ingekuwa pepo ya walibertari.

Lakini milango ya Maskati ilifungwa saa tatu baada ya jua kuzama, na aliyetembea usiku ilibidi abebe taa. Kusafiri nje kulihitaji ruhusa, na kuingiza gari kulihitaji ruhusa. Kijana aliyetaka kusoma alitoroka kwenda Bahrain, Kuwait, Misri au kwetu Unguja. Na baada ya Januari 1964, wakati jamaa zetu walipokuwa wakiitafuta njia ya kurudi katika nchi ya mababu, mlango haukuwa wazi kwa kila aliyebisha. Wengi walizunguka Dubai, Kuwait na Cairo mpaka Julai 1970, Sultani Qaboos alipoingia na kuwaita waliotawanyika warudi wajenge nchi.

Bibi yake alijibu kwa sentensi moja tu: serikali ile haikutupa kitu, na haikutuachia kitu. Nadhani hakuna mwalimu wa uchumi aliyewahi kulisema vizuri kuliko hivyo. Idadi ya riali inazotumia serikali haitoshi kuupima uhuru wa mtu. Kinachopima ni idadi ya mambo ambayo lazima uombe kibali kabla ya kuyafanya, na kama kibali hicho kina kanuni inayojulikana au kinategemea moyo wa mtu mmoja.

Falaji: kanuni bila ya afisa, mpaka pampu zilipokuja

Mfano bora wa watu kujitawala wenyewe nimeuona Nizwa, na wala si siri. Falaji Daris na Falaji al-Khatmeen ya Birkat al-Mouz, pamoja na al-Malki ya Izki na al-Jeela ya upande wa Sur, zimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006. Kwa hesabu ya UNESCO, kama falaji 3,000 bado zinafanya kazi nchini.

Maji ya falaji ni mali ya wenye hisa. Hisa inapimwa kwa wakati, na kipimo kinachojulikana zaidi ni athari, yaani nusu saa ya maji. Wenye hisa wanamweka wakili wa kusimamia, arifu wa kugawa zamu, na mtunza hesabu. Sehemu ya maji inakodishwa kwa mnada, na fedha yake inakwenda kutengeneza mfereji. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota. Maji ya kunywa yanachukuliwa kwanza, juu kabisa, kabla ya msikiti na mashamba, na hayo ni ya kila mtu hata asiye na hisa. Hakuna wizara iliyotunga haya. Mwanazuoni wa Marekani, Elinor Ostrom, alipata Nobel mwaka 2009 kwa kuonyesha kwamba watu wanaotumia mali ya pamoja wanaweza kuitunza vizuri bila kuisubiri serikali wala kuibinafsisha. Wazee wa Nizwa wangemwambia karibu, tumechelewa kukutana.

Ila mzee mmoja wa falaji alinisimulia na nusu ya pili. Zilipokuja pampu za dizeli, kila mwenye uwezo alichimba kisima katika shamba lake. Ardhi yake, pampu yake, fedha yake. Baada ya miaka michache maji ya chini yakashuka na baadhi ya falaji zikakauka, na wenye hisa za mababu wakabaki na karatasi. Ndipo serikali ikaingia: vibali vya visima, mita, na Sheria ya Kulinda Rasilimali ya Maji ya mwaka 2000.

Je, huko ni kuingilia uhuru? Kwa aliyezuiwa kuchimba, ndiyo. Kwa mwenye hisa ya nusu saa, ni kulindwa mali yake isinyonywe kupitia chini ya ardhi. Wazee walilijua hili kabla ya serikali, ndiyo maana falaji ina harimu yake, eneo ambalo huruhusiwi kuchimba. Hayo ni masharti nayo, lakini masharti yaliyotokana na wanaoyafuata.

Karafuu na kafala

Wasomaji wa asili ya Pemba wanalijua somo la tatu bila kufundishwa. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ya Zanzibar iliipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu haki ya peke yake ya kununua karafuu za kusafirishwa, na wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma mpaka yakafikiwa maafikiano mwaka uliofuata. Baada ya Mapinduzi ardhi ilitaifishwa Machi 1964, na tangu mwaka 1968 karafuu zikawa za kuuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC. Kwa miaka mingi mkulima alipewa sehemu ndogo ya bei ya dunia. Matokeo yake kila Mpemba anayajua: magendo ya usiku kuelekea Mombasa, mikarafuu iliyozeeka bila kupandwa mipya, na vijana waliohama. Bei ilipopandishwa mwaka 2011, karafuu nyingi zilirudi vituoni zenyewe. Hapo walibertari wamesema kweli, na kweli lazima ikubaliwe. Mnunuzi akiwa mmoja tu kwa nguvu ya sheria, mkulima anakuwa kibarua katika shamba lake.

Lakini kama tunaikubali hoja hiyo kwa karafuu, tuikubali na kwa watu. Mfanyakazi aliyefungwa kwa mdhamini mmoja naye ana mnunuzi mmoja wa jasho lake. Mpaka mwisho wa mwaka 2020, mgeni aliyetaka kuhamia kwa mwajiri mwingine alihitaji barua ya kutopingwa kutoka kwa yule wa kwanza. Januari 2021 Oman iliiondoa barua hiyo kwa anayemaliza mkataba wake, na hiyo ni hatua kubwa ya uhuru ambayo haikupigiwa ngoma inavyostahili. Wafanyakazi wa nyumbani, wakiwemo mabinti wa Tanga, Mombasa na Kampala wanaotupikia na kutulelea watoto, wao wamewekewa kanuni zao peke yao. Si mara moja nimemsikia mtu akilalamikia kodi kwa jina la uhuru huku pasipoti ya msichana wa kazi iko kabatini kwake. Huyo hataki uhuru, anataka nafuu.

Upande wa pili wa shilingi hii unauma pia. Vijana wetu wa Ibra na Sur wanamaliza chuo na kukaa. Serikali imehifadhi kazi nyingi kwa Waomani, na Januari 2018 ilisimamisha visa katika fani 87 kwa miezi sita. Mlibertari atasema fungua soko lote. Mama mwenye mtoto asiye na kazi kwa mwaka wa tatu atamuuliza: na wangu aende wapi? Sina jibu la kumridhisha kila mmoja. Ninaloliona ni kwamba kumfunga mgeni kwa mdhamini hakumsaidii kijana wa Kiomani. Mgeni asiyeweza kuondoka ndiye mwenye bei rahisi, na mwajiri ataendelea kumchagua yeye.

Maswali matatu ya kubaki nayo

Sikutoka katika safari hii nikiwa mlibertari, wala sikutoka nikiwa adui wao. Nimelelewa na hospitali ya bure na skuli ya bure, na mama mzazi wa mtu akifika miaka 60 leo anapata riali 115 kwa mwezi kutoka hifadhi ya jamii. Siwezi kuyakana hayo kwa ajili ya nadharia. Lakini nimetoka na maswali matatu ambayo kila familia inaweza kuyauliza kila inapotangazwa sheria mpya, hapa Oman au kule Afrika Mashariki.

La kwanza: dari iko wapi, na nani anaweza kuidai? Sib ilidumu kwa sababu dari ilijulikana na ilikuwa na walinzi. La pili: kibali hiki kinamlinda nani? Kama kinalinda maji ya jirani au nafsi ya mtu, kibaki. Kama kinamlinda mwenye duka dhidi ya mwenye meza ya barabarani, au mdhamini dhidi ya mfanyakazi, kiulizwe. La tatu: vita hivi ni vya nani, na bomu litaanguka kwa nani? Kuta za Tanuf zinatosha kwa jibu.

Kuhusu kodi ya 2028, ushauri wangu kwa vijana ni huu. Msipoteze nguvu zote kwenye ile asilimia tano. Itazameni namba ya pili, ile 42,000. Bei za vitu zitapanda mwaka hadi mwaka, na mishahara itazifuata kwa kuchechemea. Kama dari itabaki pale pale miaka kumi na tano wakati maisha yamepanda, itakuwa imeshuka bila mtu kuishusha. Hilo halihitaji falsafa yoyote. Linahitaji watu wanaosoma gazeti rasmi, wanaojua hesabu, na wanaouliza kwa adabu mpaka wajibiwe.